Marashi ya Kulwa na Doto Siku ya Wakaguzi

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wakaguzi, na aibu yenyewe ilikuwa na harufu.

Naandika hapa kwenye grupu kabla hamjasikia kwa mtu mwingine. Sumbawanga ni mji mdogo, na ofisi yetu ina midomo mingi kuliko viti. Afadhali myapate kwangu yote, pamoja na ile sehemu ambayo mimi mwenyewe sikupendeza.

Kwa wapya humu: mimi nakaimu masjala ya ofisi yetu, kile chumba cha majalada. Nimekaimu mwaka na miezi. Kukaimu maana yake unafanya kazi yote lakini kiti si chako. Wiki iliyopita Bosi alituita akasema wakaguzi wanakuja kutoka makao makuu, na wakiridhika na masjala nitathibitishwa. Wasiporidhika je? Hakusema. Alinitazama tu, akafunga daftari lake.

Wiki nzima sikuwa mtu. Nilikuwa narudi nyumbani, nasonga ugali, nakula, nanyamaza. Baba watoto yuko Mpanda kikazi, kwa hiyo tuko watatu: mimi na mapacha wangu wa miaka sita, Kulwa na Doto, wote wasichana. (Baba yao ni Msukuma, na kwao mapacha huitwa hivyo, majina hayakuwa na mjadala.) Jana jioni Kulwa akaniuliza mbona siku hizi siongei. Nikamwambia kuna wageni wanakuja kazini na mama anawaogopa kidogo. Wakatazamana, wakatoka nje. Nikasikia vikombe vinagongana huko uani. Sikwenda kuangalia.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile yetu, ya kukufanya uzungumze na maji kabla ya kuoga. Juu ya hapo nilikuwa na mafua ya siku tatu. Pua imeziba kabisa, hata chai niliijua kwa joto lake tu. Nikavaa gauni langu la heshima, nikaweka na sweta la kijivu juu, lile zito. Nikageuka kutoka, nikawakuta wamesimama mlangoni, mikono nyuma.

Doto akatoa kichupa. Kile cha dawa ya kikohozi, cha rangi ya kahawia, wamekibandika karatasi yenye ua lililochorwa kwa kalamu nyekundu. Chini ya ua wameandika MARASHI YA MAMA, herufi R inatazama kushoto.

“Ni ya wageni,” Doto akasema. “Ukinukia hawatakugombeza.”

Ninyi mngefanya nini? Mimi nilipiga magoti nikawakumbatia. Nikajidondoshea kidogo kwenye shingo. Doto akasema bado. Kulwa, ambaye akifanya jambo hulifanya kwa moyo wote, akazunguka nyuma yangu na kichupa akanimwagia mgongoni, kisha bega la kulia, kisha la kushoto. Nikasikia ubaridi unashuka kwenye sweta. Harufu sikusikia yoyote. Nikauliza wametengeneza na nini. Kulwa akasema maua. Doto akafungua mdomo kuongeza kitu, Kulwa akamkanyaga mguu.

(Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza mara ya pili. Sikuuliza. Nilikuwa nimechelewa.)

Wakakitia kichupa kwenye mkoba wangu, wakaniapisha kwamba mchana nitajipaka tena. Nikaapa.

Bodaboda aliyenibeba ni yule kijana wa kila siku. Tulipofika katikati ya safari akageuza shingo akaniuliza kama nimepitia sokoni. Nikamwambia hapana, natoka nyumbani. Akasema sawa. Baada ya hapo alisogea mbele mpaka akawa karibu kukalia tangi.

Wageni walikuwa wawili. Mkubwa wao ni mama mtu mzima, mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni, anazungumza taratibu kama mtu asiyewahi kukatishwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na macho yake tayari yako kwenye rafu. Wa pili ni kijana na kompyuta yake. Wote wawili walikuwa wanatetemeka. Bosi, kwa kuwajali, alikuwa ameazima hita ya umeme ofisi ya jirani, akaiweka masjala. Upepo ulikuwa unavuma vibaya nje, kwa hiyo madirisha yote yalifungwa. Mlango nao ukafungwa. Na kwa kuwa mimi ndiye wa kuinuka kila mara kwenda kwenye rafu, nilipewa kiti cha pembeni.

Kando ya hita.

Tukaanza vizuri, jamani. Vizuri sana. Yule mama akataja jalada la kwanza, nikalitoa kabla hajamaliza kuandika namba yake. Akataja la pili, la miaka mingi nyuma, nikalitoa. La tatu lilikuwa limeazimwa, nikaonyesha kwenye rejesta nani kaliazima na lini atarudisha. Akaitikia kwa kichwa kidogo. Bosi akakaa vizuri kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mimi nikajiona nimeshathibitishwa, nimeshabadilisha mapazia.

Ndipo yule kijana wa kompyuta akainua pua.

Aliinua tu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Kisha akakunja uso. Dakika chache baadaye Bosi naye akainua. Yule mama akaweka kalamu chini, akauliza kwa upole kama kuna kitu kimekufa humu ndani.

Bosi akasema upesi ni panya. Ofisi yetu imepakana na ghala la mahindi, panya ni wengi, ndiyo maana tunafuga paka. Akanitazama. Panya aliyekufa kwenye masjala ni panya wangu.

Nikainuka kumtafuta. Nilipanda stuli, nikachungulia juu ya rafu. Nikainama, nikachungulia chini ya meza. Nikasogeza maboksi ya majalada yaliyofungwa. Kijana akanifuata na tochi ya simu. Kila tulipofika pembe moja alikuwa anasema, ni hapa, iko hapa hapa. Tukihamia pembe nyingine, anasema hapana, ni hapa. Nikamwona anaanza kuchanganyikiwa. Nami nikawa nakubaliana naye kwa kichwa, kwa uzito wote, mimi mwenye pua isiyosikia hata kitunguu.

Paka naye akaingia kwa upenyo ulio chini ya mlango. Paka huyu hajawahi kunipenda. Miezi yote hii nikimwita huondoka. Leo akaja moja kwa moja, akajisugua kwenye miguu yangu, akakaa, akanitazama usoni kwa mapenzi. Bosi akasema ona, paka ameshajua panya yuko upande huo.

Saa nne kamili mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Sabina na chupa ya chai.

Mama Sabina ndiye anayetufanyia usafi na kutuchemshia chai. Ni mtu mzima, mkimya, mjane. Kwao ni Wampembe, kule ziwani, na ndugu zake humtumia samaki kwenye gari mara kwa mara. Mwezi uliopita aliacha furushi la migebuka, samaki wa huko kwao, kwenye chumba cha chai, Bosi akamfokea. Na mkataba wake wa kibarua unaisha mwisho wa mwezi huu. Hayo yote mimi na Bosi tulikuwa tunayajua, wageni hawakuyajua.

Bosi alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

“Mama Sabina, nilikwambia nini kuhusu samaki?”

Akajibu kwamba leo hana samaki. Bosi akamwambia alete kikapu chake. Akaweka chupa ya chai mezani, akaenda, akarudi na kikapu. Bosi akamwambia akifungue hapo hapo, wageni waone kwamba ofisi inachukua hatua. Basi Mama Sabina akatoa kitu kimoja kimoja juu ya meza ya majalada. Khanga iliyokunjwa. Viazi vitamu viwili vya kuchemsha kwenye mfuko. Kibakuli cha maharage. Rozari ikateleza kutoka kwenye khanga, ikaanguka sakafuni.

Nikainama kuiokota. Na kuinama kwenyewe kulinipeleka uso kwa uso na ile hita.

Hewa ya moto ikaniingia. Pua ya kushoto ikafunguka, pyu, kama mlango uliosukumwa na upepo. Na nikasikia.

Ilikuwa harufu ya samaki aliyeoza akafunikwa na ua waridi. Ilitoka begani kwangu. Ilipanda kutoka kwenye sweta langu kwa mawimbi, kila hita ilipopumua nalo likapumua. Nilibaki nimeinama na rozari mkononi, paka ananilamba mkono wa sweta.

Nikainuka, nikampa Mama Sabina rozari yake. Nikakaa.

Sasa hapa ndipo pale niliposema sikupendeza. Mtadhani nilisema palepale. Sikusema. Nilifikiria kiti. Nilifikiria mwaka na miezi. Nilijiambia kikapu hakina kitu, wameshaona, yataisha yenyewe. Lakini Bosi alikuwa ameshajitia kwenye kona mbele ya wageni, hakutaka kutoka mikono mitupu. Akasema kama si kikapu basi ni nguo, samaki akishashika nguo hatoki. Akamwambia atoke nje, akasimame huko mpaka aitwe, na habari ya mkataba wake wataizungumza baadaye. Mama Sabina hakubisha. Alirudisha vitu vyake kikapuni kwa mpangilio uleule, akatoka, akafunga mlango polepole.

Bosi akaomba radhi kwa wageni. Yule mama mkaguzi akachukua kalamu. Akataja jalada jingine. Nikalitoa. Akataja jingine. Nikalitoa. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri, lakini jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na kila tone la jasho lilikuwa linaamsha marashi. Kijana wa kompyuta alikuwa sasa anapumua kwa mdomo. Hakuna aliyesema kwamba Mama Sabina ametoka na harufu imebaki. Nadhani wote tulilijua hilo na wote tulikuwa tunaangalia karatasi.

Jalada la nane lilikuwa kwenye rafu ya dirishani. Nikaenda kulichukua, nikatazama nje.

Mama Sabina alikuwa amesimama kwenye upepo, karibu na tangi la maji. Amejishika mkono mmoja, ameusogeza puani. Anajinusa. Akanusa mkono, akashika ncha ya kitenge chake akanusa, akavuta blauzi begani akanusa. Kisha akaanza upya tangu mkono. Mtu aliyekuwa na hakika asubuhi kwamba yuko safi, sasa hana hakika tena.

Jalada likanishinda mkononi. Nikaliweka mezani na kusema, “Bosi, ni mimi.”

Akauliza ni mimi nimefanya nini. Nimeleta samaki?

“Hapana. Ni mimi ninayenuka.”

Kuna maneno mtu huyasema mara moja tu maishani, tena mbele ya makao makuu. Kijana aliitazama kompyuta kana kwamba ndani yake kuna moto. Yule mama mkaguzi peke yake ndiye aliyenitazama sawasawa, akauliza kwa utulivu ninanuka kwa sababu gani.

Nikafungua mkoba, nikatoa kichupa, nikakiweka juu ya majalada.

Akavaa miwani. Akasoma karatasi. Akageuza chupa, akasoma tena. Kisha akafungua kifuniko (nilitaka kumzuia, nilichelewa), akaomba sahani ya kikombe, akamimina kilichobaki. Vikatoka kimoja kimoja, mbele ya macho ya watu wanne. Majani ya waridi yaliyokuwa meusi. Kipande cha mchaichai. Mafuta ya kula. Dagaa watatu wamelowa, wanene. Na kitu kidogo, cheupe, kilichogonga sahani kwa mlio wa kete.

Yule mama akakisukuma kwa ncha ya kalamu.

“Na hiki?”

“Ni jino, mama,” nikasema. “La Doto. Lilitoka juzi.”

Jamani. Kijana alisogeza kompyuta yake mbali na sahani. Nikaeleza yote, haraka, kwa kukatakata: mapacha, sweta, mafua, wageni ninaowaogopa. Ndiyo, nilisema mbele yao kwamba nawaogopa. Na nikasema kwamba nilijua tangu rozari ilipoanguka na nikanyamaza. Hilo lilikuwa gumu kulitoa kuliko lile la kunuka.

Yule mama akavua miwani. Akauliza watoto wana miaka mingapi. Nikasema sita. Akamwambia kijana afungue madirisha, yote. Kisha akamgeukia Bosi na kumwambia, kwa sauti ileile ya taratibu, kwamba aliyemtoa yule mama nje ndiye anayefaa kwenda kumwita. Bosi akainuka. Ni mara yangu ya kwanza kumwona Bosi akitembea kama mtu aliyetumwa.

Mimi niliambiwa nivue sweta tuendelee. Tukaendelea, madirisha wazi, upepo wa Ufipa unapekua majalada, meno yangu yanagongana. Tukafika jalada la ishirini. Lilipokuja suala la kuandika, yule mama aliandika kwenye daftari lake na mimi nilisoma kwa kupindua shingo. Aliandika hivi: Masjala iko katika mpangilio mzuri. Uingizaji hewa hautoshi.

Kuthibitishwa? Sijui. Ripoti inakuja.

Wageni walipoondoka nilikwenda kulifua sweta kwenye bomba la uani. Mama Sabina alikuwepo, anaosha vikombe. Nikamwomba radhi. Hakunitazama. Akaniuliza nilinyamaza muda gani. Nikasema kama dakika kumi.

“Dakika kumi ni nyingi, Mama Kulwa,” akasema. “Nilifika mahali nikaamini ni mimi.”

Nilisimama pale natetemeka na sweta linachuruzika. Akafuta mikono, akatoa ile khanga kwenye kikapu, akanirushia begani, akarudi kwenye vikombe vyake. Nimerudi nyumbani nimejifunika khanga ya mtu niliyemwacha asimame kwenye baridi. Nilitembea kwa miguu. Bodaboda wangu aliniona akajifanya anajaza upepo.

Mapacha walikuwa wananingoja getini. Kulwa akauliza kama wageni walinigombeza. Nikasema hapana. Doto akauliza kama nilinukia. Nikasema kila mtu alinisikia, wote, mpaka paka. Wakashikana mikono wakaruka.

Baadaye, tukiwa tunachambua mboga, nikauliza kwa utaratibu habari ya dagaa. Doto akanieleza kama anavyomweleza mtu mzito wa kuelewa: mimi mwenyewe nikikaanga dagaa huwa nasema nyumba nzima inanukia, sijawahi kusema hivyo kuhusu maua. Na jino? Hapo Kulwa ndiye aliyejibu. Doto hakulia siku jino lake lilipong'olewa, kwa hiyo walitia jino ili na mimi nisilie mbele ya wageni.

Nikainuka kwenda kuangalia moto, ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Basi ndiyo hayo. Chekeni, siwezi kuwazuia, na najua kesho mtanipita mmeziba pua. Ila yeyote atakayekutana na Mama Sabina kwenye korido amwombe radhi kwa niaba yangu, maana mimi nimeshamwomba tena mara mbili kwa simu na kila mara ananijibu “haya” tu.